Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa boti na spana iliyozama

Ndugu wanachama, salaam nyingi. Najua wengi mnatafuta kitu kimoja tu humu, hela ya boti ilienda wapi, basi naanzia hapo hapo.

Ada zimeingia vizuri kuliko nilivyotegemea, mfuko wa misiba haujaguswa, hesabu kamili anayo mweka hazina na atawatumia. Kilichotoka kwa wingi ni ile safari ya mwezi wa nane ya kukodi boti tukapita kwenye mfereji wa Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi kule Uingereza, na wanaosema mwenyekiti kawapeleka watu kutembea kwenye mtaro nimewasikia.

Ni mtaro kweli jamani, sibishi. Boti yenyewe upana mita 2 na ushee, watu wawili mkikutana ndani yake mmoja lazima arudi kinyumenyume, na mwendo hauzidi kilomita 6 kwa saa, kuna bibi mmoja na mbwa wake walitupita huku anatupungia. Lakini mfereji huo, Trent and Mersey, ulianza kuchimbwa 1766 na mmoja wa walioupigania ni mfinyanzi Josiah Wedgwood, maana vyombo vyake vikisafiri barabarani kwenye mashimo vilikuwa vinavunjika. Mimi hiyo nimeielewa jikoni: dada yetu wa kamati kapika pilau boti inaenda, supu imejaa hadi ukingoni mwa sufuria, haikumwagika hata tone.

Pale Etruria, mtaa wa mji huo huo, ndo Wedgwood alifungua kiwanda chake 1769. Huyo huyo 1787 akatoa medali ya Mwafrika kapiga magoti na minyororo mikononi, ya wale waliokuwa wanapinga biashara ya utumwa. Katibu alivyotuhadithia hiyo, kelele zote za vijana zikaisha.

Mbele kidogo Middleport, tanuri la matofali lenye umbo la chupa bado limesimama karibu na maji. Zamani mji huu ulikuwa nayo kama 2,000, saivi hayafiki 50. Mzee wetu wa Lamu aligeuza sahani moja dukani akasoma mhuri wa nyuma muda mreefu, akasema kwa bibi yake zilitundikwa ukutani za namna hii, kisha akaona bei akairudisha taratibu kabisa.

Alafu handaki la Harecastle. La mhandisi Telford, la 1827, kilomita 2.7, dakika kama 40 gizani, na maji nje yake rangi ya kutu kwa sababu ya chuma kilichoko mlimani. Pembeni kuna la zamani zaidi ambamo mabaharia walikuwa wanalala chali wanasukuma ukuta kwa miguu. Usukani nilishika mimi, na ule ukiusukuma kulia boti inakata kushoto, kwahiyo tuligonga ukuta mara tatu, samahanini tena.

Sasa spana. Kwenye zile loki 5 za kupandia Etruria, yaani vyumba vya maji vyenye milango vya kuinulia boti, kuna spana ya kuzungushia ili maji yaingie, ilinitoka mkononi ikalia kling kwenye jiwe ikazama, na wote mlionizunguka mkaangalia juu kama hamjaona. Nimelipa mfukoni kwangu, haimo kwenye hesabu.

Mwakani kamati inapendekeza turudi, safari hii tukate kona kuingia mfereji wa Caldon. Kura tarehe ya mkutano mkuu. Waliopinga njooni pia, pilau litakuwepo.