Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Leseni Ikifuate Chanzo Mpaka Mwisho

Ndugu wanachama,

Naishukuru kamati tendaji kwa kazi ya mwaka mzima, na nawashukuru ninyi mliojitolea kuendesha mafunzo ya maafisa wapya wa usalama wa mionzi. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililotawala vikao vyetu: vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi, yaani vitu vinavyotoa mionzi ndani ya mashine ambazo hazitumiki tena.

Mlango wa kuingilia unalindwa vizuri. Anayeomba leseni hutaja aina ya chanzo, nguvu yake kwa bekereli (kizio cha kupimia mionzi), namba yake, mahali kitakapofungwa na afisa atakayekisimamia. Mdhibiti hukagua kinga na vipimo kabla ya kutoa kibali. Shida huanza baadaye. Kiwanda kinabadilisha mitambo, kipimo cha ujazo wa tangi kinang'olewa na seziamu-137 yake (kitu kinachotoa mionzi) ndani, kinapelekwa stoo. Kifuniko cha kuzuia mionzi kimefungwa na kufuli lipo, lakini lebo imefifia, namba haisomeki mpaka uifute vumbi, na afisa aliyekijua amestaafu. Kwa kuwa nusumaisha ya seziamu-137, yaani muda wa nguvu yake kupungua nusu, ni miaka 30 hivi, stoo hiyo huenda ikapata wamiliki wengine watatu chanzo kikiwa bado hatari.

Yaliyotokea Goiânia, Brazili, mwaka 1987 yalianzia hapo hapo. Kliniki ya tiba ya mionzi ilihama jengo, ikaacha mashine yenye seziamu-137, na haikumjulisha mdhibiti ingawa leseni iliitaka ifanye hivyo. Watu wakakiondoa kichwa cha mashine wakidhani ni chuma cha kuuza. Unga wa chumvi ya seziamu uliong'aa kwa rangi ya buluu ukapita mikononi mwa ndugu na majirani. Watu 4 walikufa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 112,000 wakapimwa. Mwaka 2000, Samut Prakan nchini Thailand, kobalti-60, chanzo kingine cha mionzi, ya mashine zilizotelekezwa ilifika kwa wauza vyuma chakavu, wakafa watu 3. Naumia kila ninaposoma taarifa hizi, kwa sababu sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mashine iko wapi leo.

Wenzetu wa radiografia ya viwandani, wanaopiga picha za ndani ya vyuma kwa mionzi, wana nafuu. Iridiamu-192 wanayotumia hupungua nusu kwa siku 74 hivi, hivyo chanzo kipya huletwa mara kwa mara, na kwa kawaida cha zamani hurudi kwa msambazaji. Kurejesha ni sehemu ya kazi yao. Vifaa vya kupimia viwandani, kama kile cha tangi, havina mzunguko huo, na vingi viko daraja la 3 na la 4 katika madaraja 5 ya hatari ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, la 1 likiwa la hatari zaidi, wakati macho ya wengi yako daraja la 1 na la 2.

Kwa hiyo kamati imeandaa pendekezo kwa wadhibiti. Leseni isitolewe kabla mwombaji hajaonyesha mkataba wa kukirejesha chanzo kwa mtengenezaji, au mpango mwingine wa kukihifadhi uliokubalika, pamoja na fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo. Kampuni ikifilisika au kuuzwa, mdhibiti aarifiwe kabla funguo hazijabadilisha mikono. Mwongozo wa kimataifa wa vyanzo vilivyokwisha kutumika, uliopitishwa mwaka 2017, unatupa msingi mzuri wa hoja hizi.

Baadhi yenu mmelalamikia ada ya leseni kwa chanzo kilicholala stoo. Naona mna hoja. Ada kubwa humfanya mmiliki anyamaze, na chanzo kisichotajwa ndicho kibaya kuliko vyote. Ada ipunguzwe kwa anayejitokeza na kuanza utaratibu wa kukirejesha. Ukaguzi, hapana, huo ubaki palepale.

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja aingie stoo yake akiwa na kipima mionzi na nakala ya leseni, asome namba kwenye chanzo chenyewe au kasha lake, ailinganishe na daftari, na ahakikishe kipimo cha uvujaji hakijapitwa na wakati. Chanzo kisicholingana na leseni kiripotiwe kwa mdhibiti siku hiyo hiyo, kisha nakala iletwe kwa katibu.

Mwenyekiti