Simu za intaneti ofisini: kabla ya kununua kifaa, kagua namba, mtandao na umeme

Mteja akija kwetu hapa Mbeya kuulizia simu za mezani za intaneti, yaani zinazopitisha sauti kwenye intaneti, sisi humuuliza kwanza: namba mnayotumia sasa imesajiliwa kwa jina la nani? Mara nyingi jibu ni jina la dada wa mapokezi, au la dereva, au la shemeji wa bosi aliyekuwepo siku laini ilipochukuliwa. Laini ya mkononi husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu. Kampuni inaweza kusajili laini kwa jina lake, ila wengi hawajishughulishi. Sasa huyo mtu akiacha kazi, namba iliyoandikwa kwenye bango, kwenye vitabu vya risiti na ubavuni mwa gari inaondoka naye. Wateja wanaendelea kumpigia yeye, na pengine ameshafungua duka lake mtaa wa pili.

Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote ya biashara ya huku kwetu kuhamia simu za intaneti: namba inakuwa ya ofisi, na simu ikiita anaweza kuipokea yeyote aliyepo. Habari ya kuokoa pesa ipo, lakini wauzaji huipamba mno. Simu kati ya tawi na tawi haitozwi kwa dakika, kwa sababu inapita kwenye intaneti ambayo umeshailipia. Ila ukimpigia mteja kwenye laini yake ya mkononi, mtoa huduma anakutoza kila dakika. Kama wewe tayari unanunua bando la dakika za mitandao yote, kaa na kalamu upige hesabu kabla ya kumwamini mtu anayesema gharama zitashuka nusu.

Ofisi yenye mtu mmoja na simu moja haihitaji mfumo huu. WhatsApp Business inatosha, na akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne. Upungufu wake ni kwamba mkulima wa Usangu mwenye kitochi hawezi kukupigia huko. Anayenufaika kweli ni mwenye matawi: mfano duka la pembejeo lenye ofisi Mwanjelwa, tawi Tukuyu na jingine Vwawa, au mwenye kiwanda cha mbao Mafinga ambaye masoko yake yako Iringa mjini. Zahanati, shule za bweni, hoteli na SACCOS nazo zimo.

Tueleze kidogo kinachotokea. Simu ya intaneti hukata sauti yako vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20 kila kimoja, ikavituma 50 kila sekunde. Kila kipande husafiri peke yake kama malori ya viazi yanayotoka Njombe kwenda Dar: yameondoka kwa foleni, lakini si lazima yafike kwa foleni. Kikichelewa sana hutupwa, na hapo ndipo unaposikia mtu anaongea maneno yaliyokatwakatwa.

Kwa mpangilio wa sauti uliozoeleka, G.711, simu moja hutumia kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Ukiongea saa nzima umekula takribani megabaiti 78. Mpangilio wa G.729 hubana zaidi, kama kilobiti 31 kila upande, na sauti hupungua ubora kidogo tu. Kwa hiyo simu tano kwa mpigo hazifiki hata megabiti moja kila upande. Anayekwambia ununue kifurushi kikubwa cha intaneti ili simu zifanye kazi, muulize anafanya hesabu gani.

Shida huwa ni utulivu wa mtandao. Sauti ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu wanaanza kuingiliana: huyu anasema "haloo", anasubiri, anarudia, na mwenzake tayari alikuwa anajibu. Tena tofauti ya kuchelewa kati ya kipande na kipande isizidi milisekunde 30 hivi, na vipande vinavyopotea visifike asilimia moja. Unaweza kujipima mwenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows fungua ile dirisha jeusi la amri, andika ping 8.8.8.8 -n 200, kisha tazama namba iliyo baada ya neno time kwenye kila mstari. Namba zikikaa karibukaribu, tuseme 40, 42, 39, 44, mtandao wako umetulia hata kama si wa kasi. Zikiruka 40, 310, 55, 720, na katikati ukaona mistari inayosema hakuna jibu, usinunue simu bado. Fanya kipimo hicho saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati ofisi imechangamka. Usiku wa manane kila mtandao ni mzuri.

Mara nyingi tunachokikuta kwenye ofisi zenye namba zinazoruka ni kamera za ulinzi. Kamera nne zinazopeleka picha kwenye sava ya mbali zinajaza njia ya kupandisha data, ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushusha. Sauti yako wewe hupita njia hiyohiyo. Mteja anakwambia hakusikii, wewe unamsikia vizuri kabisa, unadhani simu yake mbovu. Ruta nzuri inaweza kupangwa itangulize sauti mbele ya kila kitu, na hilo ni jambo la kumuuliza fundi wako kabla hajaanza kupanda ukutani. Simu za mezani zivutiwe waya, Wi-Fi iachiwe simu za mkononi.

Mjini Mbeya na Iringa faiba ikifika kwenye jengo lako, ichukue. Pasipo na faiba, ruta ya 4G inaweza kubeba simu mbili tatu bila taabu kama mnara uko karibu na hauna msongamano. Kwa wenzetu wa machimboni Chunya wanaotumia madishi ya satelaiti zile za juu, kilomita karibu 36,000, hakuna ujanja: mawimbi yenyewe yanachukua zaidi ya milisekunde 240 kupanda na kushuka. Mtaongea, lakini kwa kupokezana kama redio ya upepo.

Ulizia pia sava ya mtoa huduma, yaani kompyuta inayounganisha simu zako, iko wapi. Ikiwa Ulaya, sauti ya simu kutoka Soweto kwenda Uyole, hapahapa Mbeya, inavuka bahari mara mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo mfumo unaotegemea sava ya nje unakuwa pambo la meza. Wenye kifaa chao ndani ya ofisi, kinachoendesha programu kama Asterisk ambayo haina malipo ya leseni, wanaendelea kupigiana chumba kwa chumba hata intaneti ikiwa imekatika kabisa. Sisi kwa hoteli, hospitali na shule tunapendelea hiyo ya pili. Kwa maduka yenye matawi na wafanyakazi wachache, huduma ya kulipia kwa mwezi ina usumbufu mdogo, mradi sava iwe hapa nchini.

Umeme sasa. Zile simu za zamani za waya wa shaba zilikuwa zinapata umeme kutoka kituo cha simu, volti 48, ndiyo maana ziliita hata mtaa mzima ukiwa giza. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Umeme ukikatika, ruta, swichi (kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao) na simu vyote vinazima pamoja. Njia nzuri ni swichi inayopeleka umeme ndani ya waya wa mtandao, mafundi huiita swichi ya PoE, ili uwe na sehemu moja tu ya kuwekea betri. Simu moja ya kawaida hula wati chache. Ruta, swichi na simu tano zinaweza kuwa wati 40 kwa pamoja. Ile UPS ndogo ya kompyuta ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 ikiwa mpya. Itakupa saa moja au zaidi kidogo ikijitahidi, na ikishazeeka dakika ishirini. Betri ya sola ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakuvusha siku nzima ya kazi.

Halafu radi. Huku nyanda za juu, kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili, tunapokea ruta na swichi zilizoungua kuliko miezi mingine yote. Nyingi haziunguzwi kupitia soketi. Zinaunguzwa na waya wa mtandao uliovutwa nje, kutoka ofisini kwenda stoo ng'ambo ya uwanja. Radi ikipiga jirani, waya huo unakusanya umeme na kuuleta moja kwa moja kwenye simu. Kati ya jengo na jengo weka faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme. Waya wa kawaida, hata ndani, usizidi mita 100.

Namba yenyewe ipatikane kwa mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA. Namba ya mezani ya Mbeya huanza na 025, ya Iringa 026, na bado kuna wateja, hasa ofisi za serikali na mashirika, wanaoiamini zaidi namba ya mezani. Kabla ya kusaini, uliza: nikihama, namba naondoka nayo? Kuhama mtandao bila kubadili namba kulianza Machi 2017 kwa simu za mkononi. Kwa namba ya ofisi yako, jibu la mtoa huduma liwe kwenye maandishi. Na akitokea fundi anayetaka kukujazia kisanduku laini kumi na sita za mkononi akisema mtagawana faida ya simu za kutoka nje, mwonyeshe mlango. Kupitisha simu za kimataifa kinyemela ni kosa la jinai, na watu wamepandishwa kizimbani kwa hilo.

Wizi nao upo wa aina nyingine. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu nywila za simu za ofisi. Namba ya ndani 101 yenye nywila 101 haimalizi hata siku. Wakishaingia, wanapiga namba za nje zenye bei kubwa usiku wa Jumamosi, na Jumatatu bili ni yako. Funga simu za kimataifa kama huzihitaji, tumia salio la kulipia kabla, na nywila iwe ndefu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya vifaa hivi haviandiki, kwa sababu havikuandikiwa watu wetu. Wateja wetu wanabipu. Mkulima ana shilingi chache kwenye salio, anakubipu ili umpigie. Sasa wewe umeweka ile sauti ya kupokea yenyewe, "Karibu, kwa mauzo bonyeza moja, kwa fedha bonyeza mbili." Mfumo unapokea kabla hajawahi kukata, salio lake linaliwa na muziki, na hatakubipu tena. Kwa biashara inayohudumia wakulima na wafanyabiashara wadogo, acha simu iite kwanza. Iite mezani, na baada ya sekunde kumi na tano iite pia kwenye simu ya mkononi ya msimamizi, kupitia programu ya kupokelea simu za ofisi. Simu zilizokatwa zinabaki kwenye orodha ambayo wote ofisini wanaiona, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwarudia kila nusu saa. Tumeona duka ambalo orodha hiyo peke yake imewaletea oda kuliko bango lao la barabarani.

Kama unataka kurekodi mazungumzo, mwambie anayepiga mwanzoni kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata ukiwa na fremu moja.

Mkishafunga, mkikuta mnayeongea naye anakusikia nawe humsikii, msianze kubadilisha simu. Ingieni kwenye ruta mtafute kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho mara nyingi huvuruga njia ya sauti, mkizime, muwashe upya. Nusu ya simu tunazopigiwa wiki ya kwanza zinaishia hapo.

Kwa anayeanza, tunashauri namba moja, tawi moja, na programu ya bure kwenye simu ambazo wafanyakazi tayari wanazo, kwa mwezi mzima, bila kununua simu hata moja ya mezani. Simu ya zamani unayoipenda inaweza kuunganishwa kwa adapta. Na huo mwezi uwe Januari, mvua ikinyesha na umeme ukikatika, si Agosti ambapo kila kitu kinakubali.