Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Sherehe za Januari 15, Siku ya Kuwakumbuka Wanajeshi wa Nigeria

Mheshimiwa,

Salamu na heshima nyingi. Barua mbili nilizokuandikia kwa Kiingereza hazikujibiwa, basi hii naiandika kwa lugha ya kwetu Dar es Salaam. Safari hii angalau utakuwa na kisingizio.

Januari 15 nilimsukuma baba mkwe wangu kwenye kiti chake cha magurudumu hadi getini kwako. Alivaa suti ya kanisani, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini pale mguu wa kulia unapoishia. Mguu huo aliupoteza akiwa na miaka 18, akipigania Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria 1967. Kijana wako alipitisha kalamu kwenye orodha mara mbili, akasema, "Hii ni ya wanajeshi wetu." Tukabaki nje ya uzio, juani, tukiwatazama njiwa wakiachiwa.

Wetu! Si Jenerali Gowon, mkuu wa nchi wakati huo, aliyetangaza 1970 kwamba hakuna mshindi wala mshindwa? Na tarehe mliyoichagua ndiyo siku Biafra iliposalimu amri rasmi. Mnaadhimisha siku aliyoshindwa yeye, na yeye hayumo.

Ya pesa tuyaache. Ila marehemu baba yake alikuwa na akiba benki, na vita vilipoisha akapewa pauni 20, sawa na kila mwenye akaunti, awe aliweka mia au elfu. Mzee huzitaja hizo pauni 20 kuliko anavyoutaja mguu.

Pale makumbusho ya vita Umuahia, ogbunigwe, mabomu waliyojitengenezea wenyewe, yametunzwa, wanafunzi wanapiga nayo picha. Chuma kimepata pa kukaa.

Halafu mnashangaa Mei 30, siku Biafra ilipotangazwa, miji yetu ya mashariki ikiwa mitupu kwa kuwakumbuka waliokufa. Nadhani, nisahihishe nikikosea, msiba mlioususia nyinyi umechukuliwa na wenye bunduki, wanaotaka Biafra irudi. Tangu 2021 tunaamriwa kufunga Jumatatu. Duka langu la vitenge nalilipia kodi ya siku saba, nauza siku tano, ukitoa na Jumapili. Hao vijana siwatetei: jirani yangu alifungua nusu mlango tu, wakamchomea mzigo wote.

Kwetu Kinondoni kuna viwanja vinaitwa Biafra. Konda wa daladala hupaza sauti, "Biafra! Biafra washushe!" na hakuna anayeshtuka. Tanzania ndiyo nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 13, 1968. Nilipomsimulia Mzee habari za konda alicheka mpaka akakohoa, akataka nimwigizie tena.

Sidai pensheni. Mnara sidai. Nilitaka kudai shada moja la maua, nalo nimeliacha. Jina lake liwe kwenye orodha na geti lifunguliwe, basi. Kiti msihangaike nacho, anacho chake. Ana miaka 76, Mheshimiwa, na Januari iko mbali.

Nijibu, kwa lugha yoyote.

Wako, bado kwa heshima,
Mkazamwana wake