Hiyo bendera mgongoni mwa koti la mtumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni. Mpwa wangu alienda kuchambua mitumba Mwanjelwa akarudi na koti zito la baridi, na hii baridi yetu ya mwezi wa sita mnaijua, sasa mgongoni lina bendera nyekundu yenye msalaba wa bluu na nyota nyeupe. Nikamuuliza unajua hii ni ya nani, akanijibu mjomba hawa ni wanajeshi wa kusini mwa Marekani walipigana na serikali kubwa wakitetea haki zao na ardhi yao, walikuwa wachache wakazidiwa ila walikufa kiume. Kaona kwenye video.

Stori tamu, na ndo ubaya wake. Imetengenezwa baada ya hiyo vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani kuisha 1865, na waliotengeneza ni haohao walioshindwa, watu wa majimbo ya kusini yaliyojitenga na kujiita Confederacy. Kabla ya hapo walikuwa wanasema kingine kabisa na wala hawakuficha. Jimbo la Mississippi lilivyojitoa Marekani 1861 liliandika kwenye tamko lake kwamba msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa. Makamu wa rais wao, Alexander Stephens, Machi mwaka huohuo pale Savannah alihutubia watu kwamba jiwe la pembeni la serikali yao ni kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mweupe na kuwa mtumwa ndo hali yake ya asili. Huyuhuyu vita ilipoisha akaandika kitabu kirefu kwamba ugomvi ulikuwa wa katiba na madaraka ya majimbo. Mimi namwamini yule wa 1861, maana wakati ule alikuwa hajapata cha kusafisha.

Watumwa kule walikuwa karibu milioni nne, na kwenye hiyo stori ya kufa kiume hawamo, yani hata mmoja hatajwi. Sanamu za hao wanajeshi zilizojengwa kule Marekani nazo, nyingi zilisimamishwa kuanzia 1900 kuja mpaka 1920 na kitu, kipindi ambacho watu weusi walikuwa wananyang'anywa kura na kutengwa kwa sheria, na kina mama wa United Daughters of the Confederacy, chama cha tangu 1894 cha wanawake wa ukoo wa wanajeshi hao, walikuwa wanakagua mpaka vitabu vya shule ili watoto wasome wanavyotaka wao. Ya Jenerali Lee, kamanda wao, pale Richmond uliokuwa mji mkuu wao, imesimama toka 1890 ikaja kutolewa 2021, hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vimepita chini yake.

Nilipolisema hili kijiweni jamaa mmoja akaniuliza, mbona na sisi tunamsifu Mkwawa na alishindwa? Swali zuri na nililala nalo. Kushindwa siyo kosa, Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo 1891 kwa sababu walikuja kumtawala, sifa hiyo ni yake. Ila mimi ni Msangu, kwetu wazee wanakumbuka pia kwamba kina Merere, watawala wetu Wasangu, walifukuzwa na Wahehe wakaja kujihifadhi huku Usafwa, na Wajerumani walipofika wakaungana nao. Hiyo nayo isimuliwe yote na isipunguzwe ili shujaa apendeze.

Na watu wa upande wa Nyasa walitembezwa na minyororo mpaka Kilwa kwenda kuuzwa, hiyo ni historia ya hukuhuku, sasa sisi tunaivaaje mgongoni bendera ya watu walioingia vitani ili wabaki na watumwa wao? Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu nilipomwambia hivyo.

Koti hatujalitupa, fundi cherehani kashonea kitambaa juu yake. Ila naomba walimu wetu wa historia, hayo matamko ya 1861 yapo intaneti bure na siyo marefu, mwalimu akiwatafsiria wanafunzi aya mbili tatu kipindi kimoja kinatosha. Na wanaouza mitumba pale Mwanjelwa kijana akiulizia hiyo bendera mwambieni ni ya nani.

Msomaji wako,
Mbeya