Baada ya kushonwa kifua, nani anampima damu mgonjwa wa vali?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako limekuwa likiandika mara kwa mara kuhusu upasuaji wa moyo unaofanyika hapa nchini, nami husoma kila habari hiyo hadi mstari wa mwisho, kwa sababu nina vali ya chuma kifuani, yaani mlango mdogo wa moyo unaoruhusu damu ipite upande mmoja tu. Huu ni mwaka wa 11 naishi nayo. Habari hizo huishia mahali pamoja: mgonjwa amefunguliwa kifua, amezinduka, ameruhusiwa, ndugu wanashukuru. Sina ugomvi na shukrani hizo, kwani hata mimi nisingekuwa hai bila madaktari na wauguzi wale. Ila yanayomkuta mgonjwa akishafika kwao hayaandikwi, na huko ndiko wenzangu wanakofia.

Ugonjwa wangu ulianzia kooni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naugua mafindofindo kila mara, nikisukutua maji ya chumvi hadi yaishe yenyewe. Hakuna aliyejua kwamba bakteria wa koo aitwaye streptokoka, asipotibiwa kwa penisilini, anaweza kuuchochea mwili upigane na moyo wake wenyewe. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na kila ikirudi huzidi kuziharibu vali. Nilipoanza kukohoa usiku na kushindwa kupanda ngazi za bweni la chuo, vali yangu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilikuwa imekakamaa na inavuja. Duniani watu zaidi ya milioni 40 wana ugonjwa huu, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuukabili. Wengi wao ni watu wa nchi kama yetu.

Kwa wasiojua, upasuaji wenyewe huenda hivi. Unapewa nusu kaputi, mfupa wa katikati ya kifua unakatwa kwa msumeno, damu yako inaelekezwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kisha moyo unasimamishwa kwa maji yenye potasiamu ili daktari auguse ukiwa umetulia. Wa kwanza kufanikiwa kwa mashine hiyo alikuwa John Gibbon wa Philadelphia, Mei 1953. Hapa kwetu Muhimbili walianza upasuaji wa aina hiyo mwaka 2008, na tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kabla ya hapo, aliyepata bahati alipelekwa India. Hiyo ni hatua kubwa na niseme wazi kwamba ninajivunia.

Lakini kuna jambo linaloamuliwa moyo ukiwa umesimama, na mgonjwa huishi nalo maisha yake yote: vali iliyoharibika ifanyweje. Inaweza kukarabatiwa, yaani daktari akaachanisha mbawa zilizogandana, akarefusha nyuzi zilizojikunja, akashona pete ya kuishikiza. Mfaransa Alain Carpentier ndiye aliyeufanya ukarabati huo kuwa fani yenye utaratibu. Ukikarabatiwa vizuri, kwa kawaida hulazimiki kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote. Tatizo ni kwamba vali iliyoliwa na baridi yabisi ni nene na ngumu, hivyo kuikarabati kunataka mkono uliofanya kazi hiyo mara nyingi, na mgonjwa akiacha sindano zake za penisilini za kila wiki tatu au nne, ugonjwa unaweza kurudi kwenye vali ileile.

Isipokarabatika, inabadilishwa. Kuna vali za mnyama, zinazotengenezwa kwa vali ya nguruwe au kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. (Waislamu wenzangu wana haki ya kuambiwa hili mapema, kabla ya kutia saini. Mimi niliuliza mwenyewe.) Hizo nazo kwa kawaida hazidai dawa ya kudumu, ila kwa kijana huchakaa upesi na kifua hufunguliwa tena. Na kuna za chuma kama yangu, ambayo kusema kweli ni ya kaboni ngumu. Hiyo inaweza kudumu kunishinda mimi. Darasa likiwa kimya wakati wa mtihani, wanafunzi wa dawati la mbele huisikia ikigonga, na wapya hudhani ni saa.

Nilikuwa na miaka 23 na nikaambiwa ya chuma ndiyo inayonifaa kwa umri wangu. Kwa umri, ni kweli. Hakuna aliyeniuliza ninaishi wapi.

Mhariri, swali hilo si dogo. Mwenye vali ya chuma lazima anywe warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, la sivyo damu huganda juu ya vali, na bonge likichomoka likapanda kichwani ni kiharusi. Dawa ikizidi, unavuja damu ndani kwa ndani. Kati ya hatari hizo mbili kuna njia nyembamba, na kinachoionyesha ni kipimo kiitwacho INR, kinachosema damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mimi mwenye vali ya mitrali natakiwa niwe kati ya 2.5 na 3.5. Dozi haibuniwi, inafuata kipimo, na kipimo hubadilika na maisha. Masika, majani ya maboga na matembele yakijaa shambani, vitamini K huongezeka na kipimo changu hushuka. Kiangazi tukila dagaa na maharage, hupanda. Muuguzi mmoja aliwahi kunikataza mboga za majani kabisa, nikakaa mwaka mzima bila kisamvu. Baadaye nikaelezwa kwamba mboga si marufuku, kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile siku zote. Dawa za dukani nazo ni hatari. Metronidazo, ile wengi wanayoiita Flagyl, huipandisha nguvu warfarini, na muuza duka hakuulizi kama una vali.

Naishi mkoani Ruvuma, zaidi ya kilomita 900 kutoka nilikopasuliwa. Miaka ya mwanzo nilipimwa katika hospitali iliyo karibu, ambayo sitaitaja. Kisha vitendanishi vikaisha. Miezi minne niliendelea na dozi ileile nikiomba Mungu, hadi asubuhi moja nilipoamka foronya ina damu ya fizi. Nilipopata kupimwa, nilikuwa nimepita 6. Mwenzangu tuliyelazwa naye wodi moja, msichana wa miaka 19, kwake kilishuka. Sasa mkono wake wa kulia haushiki kalamu. Katika hesabu za hospitali, sisi sote wawili ni upasuaji uliofanikiwa.

Nimewahi kuambiwa tusubiri dawa mpya zisizohitaji kupimwa. Kwa ugonjwa wetu tahadhari inatakiwa. Utafiti wa dabigatrani, moja ya dawa hizo mpya, kwa wenye vali za chuma, uliochapishwa 2013, ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata mabonge na kuvuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Na ule wa INVICTUS wa 2022, uliohusu wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi wenye mapigo yasiyo na mpangilio, ulikuta warfarini inafanya vizuri kuliko rivaroksabani, nyingine ya dawa hizo mpya. Kwa hiyo warfarini tutakuwa nayo, na kupimwa hakukwepeki.

Kwa wanawake liko jingine. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto katika miezi ya mwanzo ya mimba. Nililijua hili miaka mitatu baada ya upasuaji, nilipokuwa nimeshachumbiwa, tena kwa kusoma mwenyewe. Nina mtoto mmoja leo kwa sababu daktari mmoja wa kike aliniketisha, akanieleza, na akanibadilishia dawa mapema. Zilikuwa sindano za heparini tumboni, mbili kila siku, na safari za kupimwa zisizohesabika. Ningependa kila binti anayeingizwa chumba cha upasuaji ayasikie hayo akiwa bado na nafasi ya kuchagua, na mama yake awe ameketi pale.

Ninachoomba kinawezekana. Kuna mashine ndogo za INR za mkononi zinazotumia tone la damu ya kidole, kama zile za kupimia sukari. Kila hospitali ya wilaya ambayo mtu wa vali anaishi jirani nayo iwe na moja, na vijiti vyake visikatike. Mgonjwa anaporuhusiwa, hospitali iliyompasua iiandikie ile ya kwao kwa jina, isimwachie karatasi mkononi. Madaktari bingwa wanaokwenda mikoani kwa huduma mkoba wapime na waliokwisha kupasuliwa, pamoja na kutafuta wapya. Na daktari anapopima kati ya ukarabati, vali ya mnyama na ya chuma, aulize nauli ya kwenda kupimwa ni shilingi ngapi. Kwa mtu wa kijijini asiyeweza kufika kwenye kipimo, naamini ukarabati usio kamili au vali ya mnyama itakayobadilishwa baadaye unaweza kuwa salama kuliko chuma kisicho na uangalizi. Wapo watakaonipinga kwa hilo, nami ningefurahi kuwasoma katika safu hii.

Na waandishi wako, Mhariri, wakiambiwa ni wangapi wamepasuliwa mwaka huu, waulize wangapi kati ya waliopasuliwa miaka mitano iliyopita wako hai, wangapi wamepata kiharusi, na wangapi hawajulikani walipo. Jibu la swali la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi.

Katika wilaya yetu tunafahamiana watano wenye vali. Kila mmoja ameweka daftari la vipimo vyake, langu lina kurasa 64. Mganga Mkuu wa Mkoa akitaka kufungua orodha ya wagonjwa wa vali, tuko tayari kumpelekea madaftari hayo.

Wako,
Mwalimu wa Baiolojia,
Songea