Ndoo ya maji na mtoto mchanga haviwezi kushikwa na mtu mmoja

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wazazi wenzangu wa hapa Kigoma mjini, hasa sisi tunaotoka asubuhi kwenda kazini tunarudi jua linazama, maana hili suala la dada wa kazi tunalichukulia juu juu mno na wanaoumia ni watoto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa mtoto wangu wa kwanza zile siku 84 za likizo ya uzazi zilipokaribia kuisha ndo nikashtuka, nampigia shangazi simu Kasulu anitafutie msichana haraka. Ijumaa nampokea stendi, Jumatatu niko darasani. Yani siku mbili tu nimemkabidhi mtoto ambaye hata miezi mitatu hajafikisha, na sikumuuliza chochote zaidi ya jina lake na kama anajua kupika. Alisema ana miaka 18, baadae nikaja kujua hata 15 hajafika. Sheria inamruhusu wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, na kushinda na kichanga kutwa nzima peke yako sio kazi nyepesi, aliyelea anajua.

Wiki ya pili narudi saa nane mchana nakuta mlango umefungwa kwa nje, mtoto yuko ndani analia mpaka sauti imemkauka, dada yuko bombani kwenye foleni na ndoo zake tatu. Nilifoka sana siku ile. Ila usiku nikamkalisha nikamsikiliza, nikaona kosa ni langu, asubuhi mimi ndo nilimwambia nikirudi nikute pipa limejaa, nguo zimefuliwa, mgebuka umeshaungwa na mawese, sasa yule mtoto angemweka wapi na ndoo iko kichwani? Nikamlipa mwezi mzima nikampeleka mwenyewe kwao.

Hapo ndo tunapokosea wengi. Tunachukua mtu mmoja tunampa kazi za watu watatu halafu tunamwita yaya. Kama unataka wa kulea mtoto basi mtafute wa kulea mtoto, ndoo na mapasi tafuta namna nyingine. Mimi sahivi nguo nafua Jumamosi na mume wangu na maji analeta kijana wa mkokoteni.

Mtoto wa pili alipofikisha mwezi mmoja tu nikaanza kutafuta. Nikampata mama mmoja wa Ujiji, ana wajukuu, anakuja asubuhi jioni anarudi kwake. Nilienda kwa miguu mpaka kwa familia aliyolea mwanzo, sikupiga simu, maana kwenye simu watu wanasitiriana. Nikaomba barua ya mwenyekiti wa mtaa na kopi ya kitambulisho cha NIDA. Halafu nikamuuliza, mama, mtoto akipaliwa utafanyaje? Hakujibu kwa mdomo, alichukua mto wa kochi akaulaza kifudifudi kwenye mkono wake, upande wa kichwa chini, akaonyesha anavyopigapiga mgongoni. Nikauliza akichemka je? Akasema simpi dawa iliyobaki kabatini, nakupigia mwalimu huku nishambeba naenda kupima. Kwa malaria ya huku kwetu sikuhitaji jibu lingine.

Wiki mbili tulikaa wote nyumbani kabla sijarudi shuleni, nikawa namwangalia anavyonawa mikono kabla ya kushika maziwa niliyokamua, na mtoto akamzoea. Hizi wiki mbili msiziruke jamani. Na saa za kunyonyesha pia, sheria inampa mama mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, mimi niliongea na mwalimu mkuu kwa hiyo mchana nafika nyumbani, mtoto ananyonya na mimi naona kinachoendelea.

Hela ndo wenzangu wananishangaa. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwako na 120,000 kwa asiyelala kwako, na bado kuna watu wanalipa elfu thelathini tena kwa kukopwa miezi miwili, halafu binti akiondoka bila kuaga tunasema wasichana wa siku hizi hawana adabu. Mimi na mume wangu tulipiga hesabu tukaacha kwanza kumalizia uzio wa nyumba, tunamlipa huyu mama tarehe ile ile kila mwezi na Jumapili anapumzika. Shikamoo nampa kila asubuhi, ni mama yangu kiumri.

Ombi langu ni kwa chuo cha ufundi cha VETA hapa Kigoma. Wawawekee hawa akina mama na mabinti kozi fupi ya jioni ya kulea watoto wachanga, huduma ya kwanza iwemo, na cheti wapewe. Ada ya huyu mama nitalipa mimi.

Mwalimu na mama wa watoto wawili,
Gungu, Kigoma