Malaika si wimbo wa Afrika Kusini, watangazaji tusaidieni

Kwako Mhariri,

Naandika hii barua nikiwa bado na uchungu. Jumanne asubuhi nilikua kwa matatu natoka Umoja naenda tao, jam ya Jogoo Road imetushika kama kawaida, redio iko juu, na mtangazaji akaweka wimbo wa Malaika, ile ya Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini. Gari yote ikatulia. Konda aliacha kuitisha nauli akaanza kuimba pole pole, mama mmoja mbele yangu akafunga macho. Wimbo ukaisha, mtangazaji akasema huo ni wimbo wa kitamaduni kutoka Afrika Kusini, kisha akaingia matangazo ya biashara. Mzee mmoja kiti cha nyuma akasema kwa sauti, "Huo ni wetu, ulirekodiwa hapa hapa!" Hakuna mtu alimjibu. Nilishuka Muthurwa nikiwa bado namsikia kwa kichwa.

Mhariri, mimi nimepiga kinanda kwa bendi za harusi hapa Nairobi zaidi ya miaka 20 na hakuna wimbo nimeupiga mara nyingi kama huo. Nimeupiga Donholm, nimeupiga Ruai, nimeupiga kwa mahema ya Kitengela mvua ikinyesha. Kila mara bibi harusi akiomba wimbo wa kuingilia ni huo, na kila mara emsii anasema "sasa tupate ule wa Makeba." Nimenyamaza miaka hiyo yote juu siku ya harusi ya watu si siku ya kusahihisha mtu. Lakini redio ni kitu ingine, redio inafunza watoto.

Sauti ya kwanza kuweka Malaika kwa santuri ikajulikana ni ya Fadhili William, kijana wa Taita, akiwa na bendi yake ya Jambo Boys, na ilirekodiwa hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye akairekodi tena chini ya Equator Sound, studio ya Mwingereza mmoja anaitwa Charles Worrod, hiyo studio ndio ilikua na wanamuziki kina Daudi Kabaka, Nashil Pichen, Peter Tsotsi na Gabriel Omolo. Ukiuliza wazee wa muziki hapa mjini watakuambia Equator ilikua kama chuo, hao wote walikua wanapigiana magitaa, leo huyu anaimba yule anaitikia, kesho wanabadilishana. Ndio maana nyimbo za wakati huo zinafanana ladha. Fadhili aliaga dunia Februari 2001. Si zamani sana hiyo, watu walimjua wako hai, wengine tunapanda nao matatu moja.

Sasa najua kuna mtu atasoma hapa aseme lakini Fadhili si yeye alitunga. Ni kweli kuna ubishi na sitaki kuuficha. Kuna Adam Salim, ambaye simulizi yake inasema aliutunga 1945 hapa Nairobi juu ya msichana alimpenda sana, alikua anamuita malaika, na wazazi wakakataa juu kijana hana kitu, msichana akaozwa tajiri. Kuna Grant Charo, shemeji ya Fadhili, naye jina lake linatajwa. Kuna Lucas Tututu wa Mombasa. Na Fadhili mwenyewe alishikilia hadi mwisho kwamba ni wake, na jina lake ndio liko kwa makaratasi mengi ya nje.

Mimi siwezi kukata hiyo kesi na sijaribu. Lakini angalia hayo majina yote manne. Ni watu wa hapa kwetu, wa pwani, wa bara, wa Afrika Mashariki. Hakuna hata mmoja ni wa Johannesburg. Kwa hivyo hata kama mtangazaji hajui amtaje nani, si ataje wote? "Malaika, ulirekodiwa kwanza na Fadhili William hapa Nairobi, Adam Salim na wengine wanasemekana ndio watunzi, leo tunausikia kwa sauti ya Makeba." Nimehesabu na saa, hiyo ni sekunde kumi na moja.

Na ubishi wenyewe umetoka wapi? Siku hizo wanamuziki wengi walikua wanalipwa mara moja tu ya kuingia studio, unaimba, unapewa zako, unaenda. Jina kwa karatasi ya santuri mara nyingi ni la yule aliyeimba, sio aliyekaa usiku akitafuta maneno. Wimbo ungeweza kuzunguka miaka kumi kwa sherehe na kwa kumbi za densi kabla hujaona studio, na kila bendi inaongeza kitu. Leo sheria yetu ya hakimiliki inalinda kazi ya mtunzi hadi miaka 50 baada ya yeye kufa, mirabaha, yaani malipo ya mtunzi wimbo ukitumika, inaenda kwa familia, lakini inalinda nani kama hatukuandika mapema ni nani?

Wacha niongee kidogo juu ya maneno yenyewe juu hapo ndio mimi huona wimbo huu haungeweza kutoka mahali pengine. Huyo kijana kwa wimbo anasema angemuoa msichana wake lakini hana mali. Ni hayo tu, wimbo wote ni mahari. Kila kijana wa Nairobi amekaa na wazee wakihesabu mbuzi na ngombe na blanketi anajua huo uchungu, haujabadilika tangu 1945. Na anasema "ningekuoa", mwanaume ndiye anaoa, mwanamke anaolewa, Kiswahili hakina njia ingine hapo. Kwa hivyo ukisikia mwanamke anaimba Malaika bila kubadilisha, jua anaimba kwa mdomo wa mwanaume. Makeba aliimba hivyo. Angélique Kidjo wa Benin aliimba hivyo kwa albamu yake Logozo ya 1991. Mtu hajui Kiswahili akisikia hiyo sauti tamu ya mwanamke anaweza kufikiria ni mama anamuimbia mtoto wake. Mswahili akisikiza anajua mara moja, huyo ni kijana maskini amesimama nje ya boma la watu.

Na hiyo kidege, vile kijana anamuita msichana kwa wimbo! Kuitwa kidege na mtu anakupenda, kwa Kiswahili cha pwani hapo hujaitwa kitu kidogo, umebembelezwa. Sijui ukitafsiri kwa Kiingereza inabaki nini.

Sisemi haya kumkosea heshima Mama Makeba. Nampenda sana. Aliongea ukweli juu ya ubaguzi mbele ya Umoja wa Mataifa 1963 na serikali ya kwao ikamnyang'anya uraia, akazunguka dunia miaka mingi bila kwao, na mahali alienda alibeba wimbo wetu. 1965 yeye na Harry Belafonte, mwimbaji wa Amerika, walitoa albamu pamoja, Malaika iko ndani, na mwaka uliofuata hiyo albamu ikapata Grammy, ile tuzo kubwa ya muziki ya Amerika. Wimbo wa Kiswahili wa kijana hana mahari, kwa Grammy, mwaka 1966! Bila yeye pengine Malaika ingebaki kwa santuri za wazee wetu, zimekwaruzika, zimefungiwa kwa kabati. Kwa hivyo shukrani yake iko pale pale. Lakini aliyebeba mtungi si aliyeufinyanga, na Makeba mwenyewe hangekasirika akisikia jina la mfinyanzi.

Baada ya hapo kila mtu aliuchukua. 1967 kule Sweden bendi ya vijana inaitwa Hep Stars iliutoa ukavuma sana, na mpiga kinanda wao Benny Andersson ndiye baadaye alikua kwa ABBA, lile kundi maarufu la Sweden, hiyo mimi kama mpiga kinanda nilipojua nilifurahi vibaya sana. 1981 Boney M, kundi la disko la Ujerumani, wakaupiga kwa mtindo wao. Hiyo ya Boney M ndio baba yangu alikua nayo kwa kaseti, na mimi nikiwa mdogo nilidhani ni yao kabisa, hadi siku moja aliniita akaniketisha akaweka ile ya Fadhili. Gitaa mbili, sauti moja haina haraka, hakuna ngoma kubwa. Sikuamini ni wimbo mmoja. Baba akasema "hii ndio yenyewe, hizo zingine ni watoto wake." Mimi nilianza kupiga kinanda kwa sababu ya hiyo jioni, kusema ukweli, juu nilitaka kujua mtu anawezaje kutoa vitu tofauti hivyo kwa wimbo mmoja.

Na si Malaika peke yake imepotezwa hivi. Daudi Kabaka aliimba Helule Helule hapa Nairobi, The Tremeloes, bendi ya Uingereza, wakauchukua 1968 wakaingia nyimbo ishirini bora kwao, na leo ukiuliza kijana Kabaka ni nani atakuambia ni mfalme wa Buganda. Jambo Bwana ilitungwa na Teddy Kalanda wa Them Mushrooms, bendi ya pwani yetu, ikatoka 1982, mwaka mmoja baadaye Boney M hao hao wakaitoa, na sasa kila hoteli ya ufukweni inaiimbia wageni kana kwamba ilianguka na mvua. Kalanda ametuacha 2024. Siku hiyo niliona vijana wengi mtandaoni wakishangaa, kumbe hiyo ngoma ina mwenyewe? Wamejua siku ya matanga.

Ndio maana naandika kwa gazeti, Mhariri, badala ya kupigia tu ile redio simu (nilipiga, haikushikwa). Naomba vitu viwili. Watangazaji wa vipindi vya zilizopendwa, tafadhali kabla hujaweka wimbo uliza ni nani alirekodi kwanza na wapi, na kama hujui uliza wasikilizaji, wazee wako macho saa hiyo ya asubuhi na watakupigia wengi hadi ushangae. Na gazeti lako lenye tunalisoma Kiswahili, mngetenga hata robo ukurasa wikendi mtu anaenda anaongea na wapiga gitaa wa miaka ya 60 na 70 wenye wamebaki. Wako. Mmoja namjua anakaa Makongeni, mwingine anarudi ushago mwezi ujao na anasema harudi tena mjini. Wanakumbuka nani alikua kwa besi, nani aliandika ubeti wa pili, nani alilipwa na nani hakulipwa. Mimi niko tayari kumpeleka mwandishi wenu hadi mlangoni kwao, nauli ni yangu.

Jumamosi hii tuko na harusi Kayole na bibi harusi ameshaomba Malaika. Nimeongea na emsii, amekubali kwamba kabla tuanze nitashika maiki mimi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga kinanda,
Umoja, Nairobi